Nisimulie Kwanza: Miaka Thelathini na Minne ya Mwalimu Gaudensia Qamara

Leo Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025, Mwalimu Gaudensia Qamara anatimiza miaka sitini ya kuzaliwa na kustaafu utumishi wa umma, baada ya kufanya kazi kwa miaka thelathini na minne, miezi minne na siku kumi na tatu. Siku hizo kumi na tatu ameagiza mwenyewe ziandikwe. Anasema alizifanyia kazi, hivyo haoni sababu ya kupunguziwa.

Kamati ya sherehe ilimpa mwandishi wa wasifu huu ukurasa mmoja. Mwandishi alikubali kwa unyenyekevu, akaenda nyumbani, akaandika anavyojua. Aliyekaa meza moja na Mwalimu Gaudensia kwa miaka kumi na minne hawezi kumaliza habari zake kwa ukurasa mmoja, labda amtaje jina tu na kuweka nukta.

Mwalimu Gaudensia ni mtoto wa tano kati ya wanane, mzaliwa wa wilaya ya Mbulu, kwenye familia ya mahindi, maharage na ng'ombe wachache. Baba yake alitaka awe muuguzi. Enzi hizo msichana yeyote wa kwetu aliyefaulu vizuri alikuwa akionekana tayari amevaa gauni jeupe, yuko hospitali ya Haydom anawachoma watu sindano. Binti alijaribu. Siku ya kwanza aliyopelekwa kuona wodi, alizimia kabla mgonjwa hajafunguliwa bandeji, na yule mgonjwa ndiye aliyemdaka. Akaenda ualimu.

Tarehe 1 Julai 1991 aliripoti katika shule ya msingi moja karibu na Dongobesh, akapewa darasa la kwanza lenye watoto tisini na mbili. Kwenye dawati la nyuma kabisa kulikuwa na watoto wanne waliorudia darasa hilo mara tatu, na kila mtu alishaamua kwamba ni wazito. Mwalimu mpya akamhamishia mmoja wao mbele, mita moja kutoka ubaoni, na wiki ya pili mtoto akaanza kusoma. Kumbe alikuwa haoni mbali. Mwalimu mkuu aliuliza ametumia dawa gani. Kuanzia hapo Mwalimu Gaudensia hakutulia tena mpaka aliporuhusiwa kwenda chuo cha Patandi kusomea elimu maalumu, na mwaka 1998 akarudi na cheti, sanduku la vitabu na, kwa maneno yake mwenyewe, maringo.

Maringo hayo inabidi yaelezwe, kwa sababu yeye mwenyewe huyaeleza kila mwaka kwa walimu wapya, na amemwagiza mwandishi asiyafiche.

Januari 1999 alikwenda nyumbani kwa Judica Akonaay, mama wa binti wa miaka minane aitwaye Brightness. Brightness ni kiziwi tangu kuzaliwa. Alikuwa mtoto mwepesi, anachunga ndama, anachota maji, na anawapanga wadogo zake kwa macho tu, lakini shuleni alikuwa hajakanyaga. Mwalimu Gaudensia alikuwa amempatia nafasi katika shule ya bweni ya viziwi, nje ya mkoa, nafasi ambayo wakati ule haikupatikana kirahisi. Alikaa na Judica, akamweleza kila kitu: haki ya mtoto kusoma, upimaji, likizo, sare, barua za kutoka shuleni. Alieleza kwa dakika ishirini, kwa Kiswahili cha chuoni kilichonyooka. Wote wawili nyumbani wanaongea Kiiraqw, lakini siku zile mambo ya serikali mtu aliona aibu kuyasema kwa lugha ya jikoni. Judica alisikiliza ameinamisha kichwa. Kila sentensi ilipokoma aliitika, "Sawa, mwalimu." Mwisho akaweka dole gumba kwenye fomu.

Kosa lilifanyika hapo, na ni kosa la huku kwetu hasa. Mwalimu ameingia nyumbani kwako, amekunywa maziwa yako, huwezi kuanza kumhoji kama askari. Heshima ni kuitika. Naye mwalimu akisikia ameitikiwa, anaamini ameeleweka. Judica alielewa jambo moja: mtoto wake ana shida ya masikio, na gari la serikali linakuja kumchukua. Watu wote aliowahi kuwaona wakichukuliwa na gari kwa shida ya mwili walipelekwa hospitali, na wengi walirudi wamepona. Akamfungia Brightness shuka na kibuyu cha maziwa, akaanza kuhesabu miezi.

Mwezi wa sita shule zilipofungwa, Judica alikuwa stendi mapema. Alikuja na mumewe Agustino, mashangazi wawili na gauni jipya. Mwalimu Gaudensia naye alikuwepo, amekuja kupongezwa. Brightness alishuka kwenye basi amenenepa, anacheka, akaanza kuwasalimia wote kwa mikono, haraka haraka, kama mtu mwenye habari nyingi. Kisha akageuka kuangalia sanduku lake likishushwa. Mama yake akamwita jina kwa nyuma. Hakugeuka. Akamwita tena kwa sauti kubwa zaidi, mpaka abiria wote wakageuka isipokuwa yeye.

Agustino hakufoka. Alisema tu, "Mwalimu, umetudanganya," akainua sanduku kichwani, akamshika binti yake mkono, wakaondoka. Mwalimu Gaudensia anasema hajawahi kuona aibu kama ile, si kabla wala baada. Julai shule zilifunguliwa na Brightness hakurudishwa. Shule ikakubali kumshikia nafasi hadi Januari 2000, baada ya hapo ingepewa mtoto mwingine. Watoto waliokuwa wakiisubiri walikuwa wengi, na hapakuwa na shule nyingine ya kumpeleka.

Katika miezi hiyo sita Mwalimu Gaudensia alikwenda kwa Judica mara saba, kwa miguu. Mara sita za kwanza alieleza upya, kila safari akiamini leo ameeleza vizuri kuliko juzi. Mara zote sita alijibiwa "Sawa, mwalimu," na mtoto hakutolewa nje. Mara ya saba ilikuwa Desemba. Mvua ilimnyeshea njia nzima, maneno yakawa yamemwishia. Akaingia jikoni, akaketi karibu na moto, akavuta ungo, akaanza kumsaidia Judica kupukuchua maharage. Baada ya muda mrefu akamuuliza, kwa Kiiraqw safari hii, "Mama, hebu nisimulie. Siku ile ya fomu, mimi nilikuambia nini?"

Judica akasimulia. Katika masimulizi yake kulikuwa na daktari, kitanda, sindano na siku ya kupona. Shule haikuwemo kabisa.

Ndipo Mwalimu Gaudensia alipomwambia, polepole, kwa lugha ya jikoni, kwamba masikio ya Brightness hayatafunguka. Kwamba atasoma, ataandika, atakuwa na marafiki na kazi, ila atazungumza kwa mikono mpaka uzeeni. Judica alilia. Alilia kwa ajili ya masikio ya mtoto wake, na ilikuwa mara ya kwanza, maana kwa miaka minane hakuna mtu aliyekuwa amemweleza ukweli huo. Alipomaliza, alifuta macho kwa upande wa kanga, akasema anataka kwenda kuiona hiyo shule kwa macho yake.

Januari walipanda basi wote wanne: Judica, Agustino, Brightness na mwalimu. Wakalala shuleni usiku mmoja. Asubuhi walimwona binti yao akigombana na mwenzake kuhusu ndoo, kwa mikono, na akashinda. Agustino alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Fomu ya pili ilipoletwa, Mwalimu Gaudensia hakuieleza tena. Alimpa Judica nafasi amsimulie mumewe yaliyomo, naye mwalimu akasikiliza. Judica alikosea mara mbili. Mara zote mbili mwalimu alimkatiza kwa maneno ambayo leo kila mzazi wa Mbulu na Hanang anayajua: "Hapo umekosea, mama. Rudia." Akarudia, yakanyooka, akaweka dole gumba.

Utaratibu huo haukubadilika tena. Mzazi hasaini chochote, awe msomi au asiyejua kusoma, mpaka asimulie mwenyewe kilichoandikwa, kwa lugha anayoitumia akiwa na hasira nyumbani. Mwalimu Gaudensia anaamini mtu akikasirika hatumii lugha ya kuazima.

Mwaka 2006 alihamishiwa Hanang, akaja Katesh kusimamia elimu maalumu. Mwandishi wa wasifu huu alimkuta hapo mwaka 2011 na hakuajiriwa kuwa dereva, lakini alikuwa na pikipiki, na katika ofisi yetu hilo lilitosha. Tumezunguka naye kata zote. Hukaa nyuma kwa upande, sweta mbili mwilini, buti za mvua miguuni, na mapajani amepakata ndoo ya rangi ya lita kumi yenye mfuniko. Ndani ya ndoo ndimo zilimokuwa fomu, kwa sababu mabegi yote aliyopewa na wafadhili yalipitisha maji. Kule Gitting watu walidhani anauza asali. Mama mmoja alitusimamisha, akanusa hewa, akauliza bei. Mwalimu akamfungulia mfuniko, akamweleza, na kabla ya kuondoka tulikuwa tumeandikisha wajukuu zake wawili.

Gitting hiyohiyo ndiyo iliyotupatia Mzee Tadei, ambaye mwanaye alipimwa ikaonekana anahitaji darasa la watoto wenye ulemavu wa akili. Siku ya kusaini, kulikuwa na wageni wa kutoka mkoani ndani ya gari, injini inanguruma, wana haraka ya kurudi. Mzee Tadei akasimulia vizuri mpaka mwisho, akamalizia kwamba mpimaji akishasema, basi mzazi hana la kusema. "Hapo umekosea, baba. Rudia." Ikabidi aelezwe kwamba mzazi asiporidhika ana haki ya kuomba mtoto apimwe tena, na kwamba ana haki ya kupewa nakala ya matokeo. Wageni walipiga honi mara mbili. Mwalimu aliwapungia mkono kana kwamba wanamuaga. Mzee Tadei aliielewa haki yake kuliko tulivyotarajia: mwaka uliofuata aliomba mtoto apimwe tena, na mwaka wa pili pia, na mara hiyo ya pili ilionekana kweli kijana anaweza kukaa darasa la kawaida akipewa msaada. Siku hizi mzee akipelekewa jambo lolote, hata chanjo ya ng'ombe, huuliza nakala yake iko wapi.

Kuna pia Mwantumu, muuza vitenge katika soko la Katesh. Mwanaye Farouk ana uoni hafifu. Mwantumu alisimulia haki za mtoto wake siku ya kwanza bila kukosea hata neno, mwalimu akakosa la kusahihisha, akanuna njia nzima. Farouk alipofika darasa la saba, mama yake alikwenda shuleni miezi mingi kabla ya mtihani, akasalimia vizuri, akakaa, kisha akamuuliza mwalimu mkuu kwa upole kama jina la Farouk limepelekwa kwa watoto wanaohitaji karatasi ya maandishi makubwa na muda wa ziada. Halikuwa limepelekwa. Mwalimu mkuu, muungwana, alikiri amesahau na akalipeleka siku hiyohiyo. Farouk alifaulu. Tangu hapo meza ya vitenge imekuwa tawi letu lisilo rasmi: mzazi anapimiwa kitambaa huku anasimuliwa haki za mwanaye, na mara nyingi anaondoka na vyote viwili.

Si kila siku ilikuwa ya kucheka. Desemba 2023 matope yaliposhuka kutoka Mlima Hanang na kupita Jorodom, sote tulizika watu tunaowajua. Mwalimu Gaudensia alikuwa kila siku kwenye kambi ya waliopoteza makazi, na alipomaliza kuwapa watu pole, alianza kuuliza kuhusu watoto wake. Vifaa vya kusikia vilikuwa vimepotea, miwani imepotea, na karatasi za upimaji zilikwenda na nyumba. Wazazi kumi na mmoja hawakuwa na kipande chochote cha kuonyesha mtoto wao ni nani na anastahili nini. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

Akawakalisha kwenye viti vya plastiki, akafungua daftari, akasema neno lake lilelile. Wakasimulia. Mama mmoja alikumbuka mpaka tarehe ya kupimwa upya. Baba mmoja aliyekuwa amepoteza karibu kila kitu alitaja namba ya kipimo ya sikio la kulia na ya sikio la kushoto. Tulipolinganisha na nakala zilizobaki ofisini, wazazi kumi walikuwa sahihi kabisa, na wa kumi na moja alikosea jina la mpimaji tu. Barua mpya ziliandikwa wiki hiyo, na shule zilipofunguliwa watoto wote kumi na mmoja waliingia darasani. Ilikuwa mara ya kwanza mwandishi kumwona Mwalimu Gaudensia akilia kazini. Alisema ni baridi.

Wasifu wenye sifa tupu haumfai mtu mkweli kama yeye, kwa hiyo yasemwe na haya. Hajawahi kuwahi kikao. Chai yake ina sukari ambayo daktari wake haijui. Kompyuta aliletewa mwaka 2014, akaifunika kitambaa alichoshona mwenyewe, na ikabaki hivyo. Na ametusimulisha sisi wenzake kila waraka uliopita mezani, hata wa likizo, mpaka mhasibu wetu mmoja akaomba uhamisho. Mhasibu huyo yuko hapa leo, amekuja kwa hiari yake.

Yupo pia Brightness. Ana miaka thelathini na minne, idadi ileile ya miaka ya utumishi tunayoiaga. Yeye ni mwalimu wa watoto viziwi, na wazazi wapya wakija na watoto wao anawaandikia ubaoni neno moja: Nisimulie. Wanasimulia kwa mikono, vibaya sana mwanzoni, naye anatikisa kichwa, wanarudia.

Mwezi Mei mwaka huu fomu za kustaafu zilifika. Siku hiyo Brightness alikuwa amekuja Katesh kwa semina, na mama yake alikuwa amemsindikiza. Judica sasa ni bibi, anatembea na fimbo. Walipita ofisini kusalimia. Mwalimu Gaudensia alikuwa ameshika kalamu, ameinama juu ya fomu, na kila mtu aliyekuwepo aliona kwamba hakuwa ameisoma. Alitaka tu imalizike. Bibi Judica alitazama kidogo, akaweka fimbo pembeni, akasogea mezani na kufunika ile fomu kwa kiganja chake.

"Mwalimu," alisema, "nisimulie kwanza."

Mwalimu Gaudensia alicheka, akajaribu kumwondoa mkono, mkono ukagoma. Basi akaanza kusimulia, kwa Kiiraqw, huku Brightness akitazama midomo yake. Kwamba tarehe kumi na nne Novemba utumishi wake unakoma. Kwamba atakabidhi funguo, faili na muhuri. Kwamba fomu za watoto atazisaini mwingine. Kwamba asubuhi yake ataamka nyumbani, na wazazi wakija hapa hawatamkuta, na yeye hatakuja tena kwa wazazi. Hapo machozi yakamtoka, na safari hii hakuna aliyetaja baridi.

Bibi Judica alimngoja. Hakumbembeleza. Alipoona ametulia, alimwambia kwa ukali uleule aliofundishwa Januari ya mwaka 2000:

"Hapo umekosea. Rudia."

Brightness, ambaye hakusikia neno hata moja, aliyasoma yote usoni mwa mama yake, akaanza kutikisa kichwa na yeye.

Mwalimu Gaudensia alirudia. Alisema muhuri ataurudisha, funguo atazirudisha, kusaini ataacha. Kuja atakuja. Bibi akaondoa kiganja, na fomu ikasainiwa.

Kwa niaba ya walimu, wazazi na watoto wa Mbulu na Hanang, asante sana, Mwalimu Gaudensia. Mungu akupe afya, ng'ombe wako wakupe maziwa, wajukuu wako wakusumbue kwa kiasi, na ile kompyuta tunakuomba uondoke na kitambaa chake. Ndoo ya fomu tumeiosha na itabaki palepale kushoto kwa meza yako, unapajua. Ishi vizuri na ishi miaka mingi, mama yetu.

Na sasa sisi tumesimulia. Umetusikiliza mpaka mwisho bila kutukatiza, jambo ambalo limetushangaza. Kama kuna mahali tumekosea, simama hapohapo ulipo utuambie, turudie.

Mwandishi: Xavery Maximilian, mwalimu, dereva wa pikipiki